Kipofu wa Saa Moja Jioni

Jumatatu, 4 Machi

Naanza leo. Binti yangu amesema kwa simu, andika, baba, andika chochote, usikae tu unatazama ukuta. Sitazami ukuta mimi. Natazama televisheni. Kwamba televisheni imeegemea ukuta, hilo ni jambo jingine.

Nimesoma mpaka darasa la pili. La tatu halikuwa na kipya cha kunifundisha. Herufi zangu kubwa, unazisoma ukiwa mlangoni. Wanaoandika herufi ndogo wanazionea aibu.

Nijitambulishe, ingawa hakuna asiyenijua. Naitwa Mzee Tiketi. Miaka yote ya nguvu zangu nilisimama mlangoni mwa ukumbi wa sinema nikichana tiketi. Nikawamulikia watu tochi mpaka kwenye viti vyao. Filamu zote zilizopita mji huu zilipita mbele ya macho haya. Mwanzo wake na mwisho wake. Katikati nilikuwa nje nalinda baiskeli za wateja. Lakini mtu mwenye akili akishaona mwanzo na mwisho, katikati anaijaza mwenyewe.

Na palepale mlangoni ndipo nilipookota maswali. Watu wakitoka walikuwa wanaulizana. Kwani yule farasi alibaki kwa nani? Gharama za hospitali kalipa nani? Mbona mama mkwe hakuonekana harusini? Majibu wakaenda nayo makwao. Maswali wakaniachia mimi. Ndiyo maana nasema hakuna mtaalamu wa mambo yaliyo nyuma ya filamu kama mimi. Anayebisha aje.

Sasa hivi jengo zima lina tamthilia moja mdomoni. Inaanza saa moja jioni. Kuna kipofu anayepiga kinanda hotelini. Dada wa mapokezi anamshika mkono kila siku, kutoka getini mpaka kwenye kinanda. Swali ni hili: yule mtu haoni kweli, au anajifanya? Ijumaa ndiyo mwisho wake, tutaambiwa. Mimi nimeshasema anaona. Hajawahi kugonga mlango wa kioo hata mara moja. Mimi naona na ule wa benki niliugonga.

Kinyozi wa chini anasema haoni. Ushahidi wake, eti alitia chumvi kwenye chai. Huo ndio ushahidi! Marehemu mke wangu aliwahi kutia chumvi kwenye chai na alikuwa anamwona sisimizi toka ghorofani.

Marehemu alikuwa na maswali mengi tukitazama. Kwa nini mtu akikohoa kwenye tamthilia lazima afe? Kwa nini wakiongea na simu hawaagani? Kwa nini jambazi anajieleza kwanza ndipo apige risasi? Nilimjibu yote. Mengine nilimjibu kwa kumwambia anyamaze tutazame. Hilo nalo ni jibu.

Viti viwili nimeviacha mbele ya televisheni vilevile. Kimoja hakikaliwi. Nakifuta vumbi tu.

Nyuma ya ukuta anakaa Mama Cherehani. Fundi nguo, mjane, mtu mzima mwenzangu. Naye anatazama saa moja. Televisheni yangu na yake zinasema pamoja, kama mtu na mwangwi wake. Naye anauliza maswali, tena kwa sauti, peke yake mle ndani. Leo kauliza, hivi huyu kipofu nguo zake anapigiwa pasi na nani? Nikajibu kutoka kitini kwangu: dobi wa hoteli! Hakunisikia. Akaongeza sauti ya televisheni.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata wazo. Kubwa.

Ijumaa Mama Cherehani atazame mwisho wa tamthilia kwangu, kwenye kile kiti. Siyo kwa sababu yangu. Kwa faida yake. Atauliza, atajibiwa papo hapo na mtaalamu. Sasa anauliza ukuta.

Kumwalika siwezi. Mtu wa hadhi yangu hapiti milango ya watu akiomba waje wakae naye. Watu ndio wanamfuata. Basi nikaamua kufungua kituo.

Asubuhi nikatoa benchi langu kwenye ukumbi wa ngazi. Nikavaa koti la kazi, lile lenye vifungo vya shaba, bado linanienea mabegani, tumboni limepungua lenyewe. Nikashika na tochi. Kila aliyepita nilimtangazia: swali lolote la filamu yoyote, ya zamani ama ya juzi, uliza hapa!

Wa kwanza alikuwa msoma mita. Akauliza mita iko wapi.

Wa pili hakuna.

Wa tatu ndiye yeye. Mama Cherehani mwenyewe, futi ya kupimia shingoni, pini zimechomekwa kifuani. Akasema ana swali, na lina miaka. Enzi za ujana wake alikwenda sinema na mume wake. Filamu ya binti mwenye mtandio mwekundu. Treni ikaondoka na binti analia dirishani. Hapo mume wake akashikwa na tumbo, wakatoka. Waliporudi ndani, binti yuko harusini anacheka. Tangu siku hiyo anajiuliza, nini kilitokea kati ya treni na harusi?

Swali la katikati! Filamu ngapi zimeumbwa na mwanzo mzuri na mwisho mzuri, yeye ananiletea katikati!

Nikamwambia akae. Akakaa. Benchi likalia kidogo, likatulia. Nikaanza. Nikamwambia treni ilisimama porini. Akatokea mpanda farasi. Yule mpanda farasi ni pacha wa bwana harusi, waliachana utotoni kwenye mafuriko. Mama Cherehani kashika shavu, macho kodo, anasema ehee, ehee, halafu? Mimi nazidi kumwaga. Sijawahi kusikilizwa hivyo tangu ukumbi ufungwe.

Mara Kinyozi huyo anapanda ngazi, taulo begani. Akasikiliza kidogo. Akasema filamu ile anaijua, kaitazama na kaka yake mara tatu. Hakukuwa na farasi. Binti alimwandikia jamaa barua, jamaa akapanda treni ya pili, basi. Kisha akanigeukia mbele ya mama wa watu: "Leo Mzee Tiketi umetuuzia tiketi ya hewa!"

Mama Cherehani akacheka. Akacheka mpaka pini moja ikadondoka. Sikuona kilichochekesha. Nikamwambia Kinyozi, wewe mtoto, filamu zina nakala mbili, ya wateja wa kawaida na ya wanaojua. Ni kijana wa miaka hamsini tu, hana adabu.

Wakati wa kushuka akamwambia Mama Cherehani Ijumaa ashuke dukani kwake. Televisheni yake kubwa, mabenchi yapo, wateja wake wote wanakuja. Mama akasema ataangalia.

Ataangalia! Nimerudisha benchi ndani. Leo sauti ya nyuma ya ukuta sikuijibu. Akome.

Jumatano, 6 Machi

Nilijibu kidogo tu. Aliuliza kwa nini kwenye tamthilia wote wanaamka wamepaka wanja. Haiwezekani kuacha swali kama hilo linaning'inia.

Mpango wa leo: kulimaliza duka la Kinyozi. Vita ni vita.

Nilikwenda kwa muuza magazeti pale kwenye kona. Yule mama ukimwambia jambo asubuhi, mchana unalikuta limefika kabla yako. Nikamwambia kwa siri sana, usimwambie mtu. Mabenchi ya kwa Kinyozi yana kunguni. Akashtuka. Akaniuliza nimejuaje. Nikakunja mkono wa shati, nikajikuna vizuri, nikamwambia mimi mwenyewe nilikaa pale Jumamosi. Wameniandama mpaka kitandani!

Kujikuna kule kulikuwa kazi safi. Niliona wachezaji wengi wakifa vibaya kwenye filamu, wanaanguka polepole, wanatafuta pa kulala. Mimi nilijikuna kama mtu anayejikuna.

Nikarudi nimetulia. Nikafuta kile kiti. Nikakigeuza kidogo ili anayekaa asipigwe na mwanga wa dirisha. Kisha nikakaa changu nikafikiri jambo. Kwenye tamthilia hakuna mtu anayetazama tamthilia. Umewahi kuliona hilo? Sebule kubwa, televisheni ipo ukutani, imezimwa. Wanaingia, wanatoka, wanagombana, wanakaa mezani. Hakuna anayeiwasha. Swali hilo hakuna aliyeniachia mlangoni, nimelipata mwenyewe.

Jibu ninalo. Wana watu wa kuongea nao.

Alhamisi, 7 Machi

Watu hawana akili!

Asubuhi nashuka, mlinzi wa jengo anasogea pembeni. Nampa mkono, anaweka wake mfukoni. Mpangaji wa ghorofa ya kwanza kamvuta mtoto wake kama napita na moto. Nilipofika kwa muuza magazeti akanipa gazeti kwa ncha za vidole, akasema pole, mzee, tumesikia.

Mmesikia nini?

Kwamba kwa Mzee Tiketi kuna kunguni.

Nilimfafanulia. Chanzo ni kwa Kinyozi! Akasema ndiyo, lakini si wamekuandama mpaka kitandani? Basi wako kwako. Kwa Kinyozi inawezekana ulikwenda nao. Huyo ndiye niliyempa siri yangu!

Saa nne mlango ukabishwa. Mama Cherehani. Nikakimbilia kuvaa koti. Nikafungua, nikamwambia karibu, karibu ndani. Kiti kipo, kimegeuzwa. Alikiona, nilimwona akikiona.

Hakuingia. Akasimama kizingitini, akanyoosha mkono na kopo la dawa ya unga. Akasema, "Mzee mwenzangu, nyunyiza kwenye pembe za kitanda na chini ya godoro. Usione haya. Hata mimi waliwahi kunivamia." Nikamwambia mimi sina kunguni. Akasema ndiyo, baba, wote tunasemaga hivyo. Akaenda zake. Akasahau hata kuuliza swali.

Niliweka kopo juu ya televisheni. Kwa muda nilikaa.

Kisha nikasimama. Wanyonge ndio wanaokaa. Kama duka la Kinyozi halijafungwa, na kwangu hawaingii, basi lazima nimpe sababu yenye nguvu kuliko kunguni. Na mtu anayefuata tamthilia mwaka mzima, ukimnyima mwisho wake, ataingia hata pango la simba. Televisheni yake ikigoma, wa karibu ni nani? Mimi. Kinyozi ni ghorofa mbili chini na magoti ya mama yanamuuma, kila siku anayalalamikia.

Antena zote ziko juu ya paa. Nikapanda mchana watu wamelala. Paa zima limeota vyuma, kamba za nguo katikati, matangi ya maji pembeni. Ya nani ni ipi? Mwingine angeshindwa. Mimi niliangalia mara moja tu. Mojawapo imefungwa kitambaa cha maua, kipande kilichokatwa kwa mkasi mzuri, ukingo umepindwa na kushonwa. Nani mwingine anashona ukingo wa kitambaa cha kufunga kwenye chuma? Jirani yake ina kibao cha kuviringia uzi, uzi umeisha, kimechomekwa kwenye mlingoti. Hicho ni takataka tu.

Mambo ya antena zamani alikuwa anashughulika nayo marehemu. Alikuwa anapanda yeye, mimi napiga kelele chini: hapo! Hapana, rudisha! Hapo! Kwa hiyo utaalamu ninao.

Nikaishika ile ya kitambaa, nikaigeuza ikaangalia upande wa pili kabisa. Nikakunja na fito mbili kwa uhakika. Kutu ikaniingia kwenye mikono ya koti. Nikashuka kimya, nikaoga.

Saa moja nikakaa kitini, nasubiri mlango ubishwe. Nikawasha televisheni.

Chenga. Chenga tupu. Nikapiga ubavuni. Chenga. Nikazima nikawasha. Nikageuza waya. Mchele mtupu unachemka humo ndani.

Na nyuma ya ukuta ile ya Mama Cherehani inaongea safi, kinanda kinalia kama kiko chumbani kwangu.

Kinyozi! Lazima ni Kinyozi. Alipanda baada yangu akaharibu ya kwangu na kutengeneza ya mama. Mtu yule hana soni.

Ijumaa, 8 Machi

Siku yenyewe.

Asubuhi nikapanda kurekebisha ya kwangu. Mlango wa paa umetiwa kufuli. Mlinzi anasema kuna mtu alionekana jana anachezea antena za wapangaji, mwenye nyumba kaagiza pafungwe mpaka Jumatatu. Nikamuuliza alionekanaje huyo mtu. Akasema mzee mzee hivi, mwenye koti lenye vifungo. Nikamwambia siku hizi makoti hayo kila mtu anayo.

Akasema kama televisheni yako ina shida, mzee, Kinyozi kakaribisha jengo zima. Nikamwambia heri niuote huo mwisho usingizini.

Hivyo jioni ikafika. Sikuwasha taa, nipunguze umeme. Nje milango inafungwa, watu wanashuka ngazi wakicheka, wanaenda kwa Kinyozi. Nikasikiliza mlango wa jirani. Haukufunguka. Sauti ya televisheni yake ikaanza.

Nikasogeza kiti ukutani. Nikachukua glasi, nikaiweka ukutani, nikaweka sikio. Tuliwahi kuwa na filamu ya mpelelezi anayefanya hivyo. Mwanzoni alifanya hivyo, mwishoni akapewa nishani.

Muziki. Mlango wa kioo unafunguliwa. Dada wa mapokezi anasema njoo, nishike, kuna ngazi hapa. Mama Cherehani anauliza, hivi wanafunga hoteli, huyu kipofu atakula wapi?

Nikasema, anaona huyo, atajitafutia!

Akauliza tena, na dada wa watu amempenda au anamhurumia?

Nikasema vyote viwili!

Televisheni yake ikapunguzwa sauti. Kumbe siku zote televisheni yangu ndiyo iliyokuwa inanifunika. Leo ilikuwa imezimwa. Ukuta ukagongwa, glasi nusura inivunje sikio.

"Mzee Tiketi! Unaongea na nani?"

Nikamwambia natazama televisheni.

"Mbona haisikiki?"

Nikamwambia sisi wataalamu tunatazama bila sauti.

Akasema mlango uko wazi, nije, na nije na kiti, yeye ana stuli ya cherehani tu. Na nije upesi, wameshaingia kwenye matangazo.

Sikukimbia. Naandika hapa wazi kwamba sikukimbia. Kiti changu ni kizito, nikabeba kile kingine. Kilipita mlangoni vizuri kama kinajua njia.

Chumba chake kimejaa nguo za watu, zimening'inia pande zote, kama umati uliosimama ukisubiri filamu ianze. Akanionyesha pa kuweka kiti. Akachukua kopo jingine, akanyunyiza dawa kukizunguka pande zote, duara kamili, mimi nikiwa katikati kama mtoto aliyechorewa mstari asitoke. Akasema usinichukie, mzee, nguo za wateja. Sikumchukia.

Nikamuuliza mbona hakwenda kwa Kinyozi. Akasema amesikia mabenchi yale nayo si salama. Unaona? Siri yangu ilifanya kazi!

Tukatazama. Maswali yake, jamani! Kwa nini meneja hatoi jasho? Yule mbwa wa mwanzoni aliishia wapi? Mbona mvua inanyesha kwenye huzuni tu? Mara mbili nilifungua mdomo kumwambia anyamaze tutazame. Mara zote mbili nikajibu swali. Sijui kwa nini. Labda ile dawa.

Na jambo jingine. Mwanzo ukapita, nikajikuta nasogea mbele kitini, mwili unataka kutoka. Miguu ilikuwa inakumbuka baiskeli. Lakini nje hakukuwa na baiskeli. Nikabaki. Nikaiona katikati yote. Katikati ni ndefu. Watu hawafanyi mambo makubwa, wanakaa tu, wanauliza kama chai imepoa. Nimeshangaa kwamba watu walikuwa wanalipia hiyo.

Sasa mwisho. Hoteli inafungwa. Kipofu anasimama getini. Dada wa mapokezi anadondosha hereni, anaitafuta gizani haioni. Kipofu anainama, anaiokota, anampa. Anaona! Alikuwa anaona siku zote! Mwaka mzima alijifanya kipofu ili yule dada amshike mkono kila jioni, kutoka getini mpaka kwenye kinanda.

Nikapiga kelele, nilisema! Si nilisema! Chini kwa Kinyozi nikasikia wote wanaguna. Raha ya namna hiyo haipatikani kila siku.

Lakini nikakasirika pia. Nikamwambia Mama Cherehani, upumbavu gani huu? Mwanamume mzima na akili zake, anahangaika mwaka mzima, anagongana na viti kwa makusudi, anakunywa chai ya chumvi, eti ashikwe mkono! Si angeomba tu? Mdomo ana!

Mama Cherehani aliniangalia kwa muda mrefu. Halafu akakata uzi kwa meno.

Akauliza televisheni yangu ina nini. Nikamwambia chenga, tangu jana, kuna adui. Akasema labda upepo umeigeuza. Akasema ataniitia fundi wa antena, ni mpwa wake. Ataijua kwa urahisi, akasema, ile yenye kitambaa cha maua. "Mkeo aliniomba kipande, aitambue antena yenu kutoka chini, macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Nikamshonea na ukingo kisichanike. Yangu nimechomeka kibao cha uzi."

Nikamwambia najua. Najua siku zote.

Nikarudi na kiti.

Jumamosi, 9 Machi

Kinyozi kanisalimia ngazini, akasema hongera, mzee, kwa kipofu umetushinda. Sikutegemea. Nilimwambia asante, ajitahidi, atafika. Kisha akaniuliza kwa nini televisheni yangu pekee ndiyo iliyogeuka na upepo. Nikapita.

Muuza magazeti sasa anasema kunguni walikuwa wa msoma mita. Sijui walifikaje huko. Mimi sikusema kitu, nilijikuna tu kidogo.

Jumapili, 10 Machi

Mchana binti yangu kapiga simu. Nimemweleza kwamba jirani ameniomba sana nikamfafanulie mwisho wa tamthilia, amenisihi, nikakubali kwa roho nzuri. Akasema vizuri, baba. Akauliza kama nakula. Nikasema nakula. Akasema kuna mtu mlangoni, akakata. Hatukuagana. Kumbe hata nje ya tamthilia wako hivyo.

Tamthilia Jumapili hakuna. Saa moja niliwasha chenga, nikazitazama. Zina mwendo wake. Ukizikazia macho unaona kama watu wengi wanatoka mlangoni kwa pamoja. Nyuma ya ukuta cherehani ikalia, ikanyamaza, ikalia. Nilisubiri aulize kitu. Hakuuliza. Kesho inaanza tamthilia mpya, saa ileile, ya daktari aliyepoteza kumbukumbu. Maswali yatakuwa mengi sana humo. Nani atamjibu?

Nimefuta vumbi kwenye kiti. Kina unga mweupe miguuni. Huo nimeuacha.

Jumatatu, 11 Machi

Mpwa wa Mama Cherehani, fundi antena, kafika asubuhi na mapema. Kijana mwenye nguvu, shikamoo nyingi. Akapanda na mlinzi, akashuka. Akasema hajawahi kuona upepo unaokunja fito kwa mkono. Akawasha televisheni yangu. Picha safi kama maji ya chupa.

Mama Cherehani akaja kutazama. Leo aliingia ndani kabisa, akasimama karibu na kiti. Akasema, haya, mzee, sasa utatazama kwako, umestarehe, hubebi kiti tena. Nikasema ndiyo. Akasema basi vizuri. Nikasema vizuri sana. Akasimama bado. Nikamwambia asante kwa fundi. Akaenda.

Televisheni nzuri sana. Ikawa inatangaza sabuni. Nilikaa mbele yake nikitazama sabuni.

Mchana nikamwambia mlinzi nataka kuanika shuka, anipe ufunguo wa paa. Akauliza shuka liko wapi. Nikamwambia linakuja. Koti sikuvaa, mtu huishi akajifunza. Nikaenda moja kwa moja kwenye ile ya kitambaa cha maua. Kimepauka upande mmoja, lakini ukingo bado umeshika, hakijachanika. Nikaigeuza ikaangalia upande wa pili. Safari hii nikakunja fito tatu.

Nilipokuwa nashuka nikakutana naye ngazini, ana kapu la nguo za kuanika. Nikamwambia hata haiaminiki, mama, chenga zimerudi. Upepo wa siku hizi mbaya sana. Akaangalia mikono ya shati langu, kutu mpaka kwenye viwiko. Akafungua mdomo. Yule mwanamke ambaye hajawahi kuacha jambo bila kuliuliza! Akaufunga. Akasema tu, nisichelewe, ya leo ni ya kwanza, asingependa nikose mwanzo.

Mpango wangu umefanikiwa kama nilivyoupanga tangu mwanzo, hatua kwa hatua. Mpwa wake akirudi kutengeneza, nitakuwa tayari. Ikibidi naukata waya kabisa.

Inakaribia saa moja. Kiti kiko mlangoni. Bado namfikiria yule kipofu. Nimejibu maswali ya filamu maisha yangu yote, lakini lile limenishinda. Mtu mzima, mdomo anao, mlango upo hatua chache tu. Mpaka leo sielewi kwa nini hakuomba.

Naenda. Anagonga ukuta.